Pochi za Marehemu Coleta

Jumatatu, 3 Juni 2024

Jenifa amefungua kibanda leo. Nilimshauri asubiri kidogo. Akasema, mama mkubwa, nikisubiri watasema tumefilisika. Basi nikaenda naye sokoni Mazwi, tukatundika pochi kwenye misumari kama alivyokuwa anapanga mama yake: orijino kulia, kopi kushoto. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Coleta alikuwa anasema kwa mdomo wake. Mteja akinyoosha mkono kushoto anaambiwa, hiyo ni kopi, mama, tusidanganyane. Ndivyo alivyouza miaka yote.

Msiba tuliumaliza Jumamosi kwa misa ya arobaini. Nguo zikagawanywa. Mawifi zake wa Laela walichukua vitenge na masweta, wakakunja vizuri, sina la kulalamika. Mimi dada mtu nikapewa saa yake ya mkononi. Kingine sikuomba. Pochi ninayo tayari, ile nyeusi aliyonipa mwaka nilipoalikwa Mbeya kwenye Nanenane kusema juu ya mbegu feki. Alinifuata nayo mpaka stendi. Dada, huwezi kwenda kupigana na feki umebeba kikapu, beba hii, hii ni yenyewe. Nimeibeba tangu siku ile. Redioni, halmashauri, kanisani, kwenye meza za wakubwa niliowatoa jasho.

Mtu wa redio alipiga mchana. Anataka nirudi kwenye kipindi cha asubuhi, wakulima wanalalamikia mbolea. Zamani ningefika studio kabla hajakata simu. Nikamwambia nina mafua. Sina mafua. Sina kitu chochote.

Jumatano, 5 Juni 2024

Baridi imeanza kweli. Upepo unapiga mabati tangu alfajiri.

Jenifa alikuja na simu mkononi, hakuamkia hata. Kwenye kundi la Wasap la Umoja, kikundi chetu cha akina mama cha kuzikana na kusherehekea, Mama Happy ameandika. Nanakili hapa ili niache kuyasoma kwenye simu:

"Wapendwa, nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa nasema. Pochi niliyomtunza binti yangu kwenye sendofu niliuziwa na marehemu Mama Jenifa kuwa ni orijino. Ni feki. Nimechekwa mbele ya wakwe zangu. Sitaki hela. Nataka mtu wa familia yake asimame kwenye kikao aseme ukweli, kama na yeye alivyosimama akaniambia uongo."

Mama Happy ni Tusekile, mtu wa Mbeya, mwaka wa ishirini sasa yuko hapa na kazi ya ofisini. Mwanamke wa kupiga pasi hata leso. Hasemi hovyo. Kwenye msiba alikaa jikoni siku zote, akakata vitunguu mpaka macho yakavimba, na ndani ya moyo alikuwa na jambo hili. Sijui kama nimchukie au nimshukuru kwa kusubiri. Vyote viwili vinahitaji nguvu.

Majibu yalimiminika. Mmoja: jamani marehemu hajibu. Mwingine: mama pole, ila pochi ni pochi. Wa tatu, ambaye sitaandika jina lake: kumbe ilikuwa orijino ya Kasesya, ya huko mpakani. Chini yake sura za kucheka, safu nzima.

Jenifa ananitazama. "Mama mkubwa, mjibu. Wewe si ndiyo unajua kujibu watu?"

Niliandika aya mbili. Zilikuwa kali, zilikuwa na sarufi nzuri. Nikazisoma, nikaona zimeandikwa na mtu ninayemfahamu kwa mbali. Nikafuta.

Ijumaa, 7 Juni 2024

Nimeshinda kibandani. Nimejiambia hivi: kabla ya kumtetea mtu, kijue kitu chenyewe. Hiyo kanuni sijaiacha hata kama mengine yameniacha.

Nimesoma kwenye simu kurasa nyingi za watu wa Ulaya wanaofundisha kutambua pochi za makampuni makubwa. Wanabishana kama wanateolojia. Kisha Jenifa akaniwekea mbili mezani, jina moja, umbo moja. Orijino ilitoka kwenye belo la mtumba, imechoka, ina doa la wino. Kopi ni mpya, ilikuja na mzigo wa Kasesya, imejazwa karatasi tumboni inang'aa kama bwana harusi.

Nimeandika nilichokiona kwa mikono yangu. Mshono wa orijino unalala upande mmoja, nyuzi zote zimeinama sawa. Wa kopi unakwenda vizuri mpaka kwenye kona, halafu unakimbia. Zipu ya orijino ni nzito, inateleza yenyewe. Ya kopi inakwama, ukiivuta inalia. Herufi za jina kwenye orijino zimezama ndani ya ngozi. Kwenye kopi zimekaa juu, kucha inazifikia. Bitana ya orijino imebana. Ya kopi ukiishika inakuja yote mkononi. Harufu: moja ngozi, nyingine gundi.

Kopi imekamilika pale jicho linapofika. Pale unapofika mkono peke yake, hawajali. Nimeyaona haya kabla. Mbegu feki huwa zimepakwa rangi ileile ya dawa, nyekundu safi, mkulima anaona rangi anatulia. Jembe feki lina nembo nzuri kuliko jembe. Nchi nzima tunanunua kwa macho! Hapo nilihisi kitu kidogo, kama joto, kikapita. Kisha kikaisha, nikabaki nimeshika pochi ya mtu wa Ulaya yenye doa la wino.

Jenifa alisubiri wateja wapungue, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mama yake alikuwa na alama. Mzigo wa kopi ukifika, kabla ya kuutundika, alikaa na sindano. Anafumua kidogo bitana chini ya mfuko wa ndani, anaingiza kipande cha kitenge chekundu, kidogo kama kucha ya dole gumba, anashona tena. Kila kopi. Hakuacha hata moja.

"Kwa nini?"

"Aliwahi kuchanganya. Sikukuu, watu wamejaa, akamuuzia mama mmoja wa Katandala kopi kwa jina la orijino. Usiku hakulala. Asubuhi akapanda boda akamfuata na orijino, akabadilisha. Tangu hapo akawa anatia kitenge. Alisema macho yake yanaweza kudanganyika, kidole hakidanganyiki."

Akafumua moja mbele yangu. Kipo. Chekundu, kimeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mifupi ya Coleta. Alikuwa anashona hivyo tangu tukiwa wadogo, kama anagombana na nguo.

Niliangalia kile kipande muda mrefu. Nilitegemea kulia. Jenifa alilia. Mimi nikauliza kama kitenge kile kilinunuliwa au kilikuwa chake. Kilikuwa chake, akasema, kile cha sikukuu ya Jenifa ya kipaimara.

Basi. Pochi ya Mama Happy ikiwa na kitenge, Coleta aliijua kuwa kopi. Ikiwa haina, Coleta mwenyewe alidanganywa na waliomuuzia. Nimemtumia Mama Happy ujumbe: naomba kuja kuiona. Amejibu, karibu Jumanne baada ya kazi.

Jumapili, 9 Juni 2024

Baada ya misa akina mama wa Umoja walinisubiri nje. Nawafahamu. Walikuwa wamepanga miguu kama watu wanaosubiri mechi.

Mmoja akaanza na nyanya za muuzaji wa getini. "Hizi za wapi, baba? Isije ikawa orijino ya Kasesya." Wakacheka, na muuzaji akacheka bila kujua anacheka nini. Mwingine akanigeukia kwa sauti ya upole. "Mama Loth, wewe ndiye umetufundisha kukagua kila kitu. Mpaka vidonge. Kumbe nyumbani ulikuwa hujafika?"

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa upande wao ningeliuliza mimi.

Walisubiri. Nikasema, tutaongea kikaoni. Nikaenda zangu. Nyuma nikasikia, ameishiwa huyu. Na mwingine: mwacheni, kafiwa.

Oswaldi, mume wangu, alikuwa ananisubiri na baiskeli. Yeye huwa anafurahi ninaponyamaza, amenivumilia miaka mingi. Leo hakufurahi. Njia nzima alinitazama kama mtu anayesikiliza injini. Tulipofika akasema, bora ungewatukana.

Jumanne, 11 Juni 2024

Nimetoka kwa Mama Happy. Naandika yote kwa mpangilio, halafu nitaona kama kuna kinachouma.

Anakaa Izia, mwisho kabisa, mashamba yanaanzia kwenye ukuta wake. Watu walikuwa wanavuna mahindi hapo nyuma, kelele za majani makavu zilikuwa zinaingia mpaka sebuleni. Aliniandalia chai ya tangawizi na maandazi. Hakunuka ugomvi. Nilikwenda na Jenifa, akamwamkia vizuri, Mama Happy akaitikia vizuri, akamuuliza biashara. Ukituona ungedhani ni posa.

Pochi ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Akaifunua mwenyewe.

Kwanza akatueleza, na sikumkatiza. Sendofu ilifanyika Mbeya. Zamu ya mama kutunza ilipofika, aliinuka na pochi imeinuliwa juu, kwaya inaimba. MC akalitangaza jina la Kitaliano la ile pochi mara tatu, kila mara kwa namna yake. Ukumbi ukapiga vigelegele. Kisha dada mmoja wa bwana harusi, msichana wa Dar es Salaam, akaomba kuishika. Akaigeuza, akafungua, akaipitisha kidole, akamrudishia Happy. Akamnong'oneza wa jirani, wa jirani akamnong'oneza mwingine. Mama Happy alikuwa amesimama bado. Aliuona mnong'ono unatembea meza kwa meza mpaka ukaifikia meza ya wakwe.

"Mama Loth, ningechekwa usoni ningejua la kufanya. Mwanangu siku hizi akigombana na mawifi zake anaitwa Happy feki. Ndiyo jina lake kule."

Nikaichukua. Nikaanza kwenye kona. Mshono unakimbia. Zipu inalia. Herufi juu ya ngozi, na ngozi yenyewe plastiki. Nilikuwa nakagua kama ninavyokagua gunia la mbegu, bila chuki na bila matumaini. Nikamwambia, mama, ni feki, hakuna mjadala.

"Sasa?"

"Sasa swali ni alikuambia nini."

"Aliniambia ni orijino. Nilimuuliza mara mbili. Aliitoa kulia."

Jenifa akasema, kwa heshima, mama alikuwa na alama. Akamweleza juu ya kitenge. Nilikuwa namtazama Mama Happy usoni wakati anaelezwa. Miaka yangu ya kubishana na watu imenifundisha kuangalia mdomo, macho yanaweza kufundishwa. Mdomo wake haukufanya chochote. Akaleta mkasi mdogo mwenyewe.

Jenifa akafumua chini ya mfuko wa ndani.

Hakuna kitenge.

Nilitaka kuinuka. Nilikuwa na sentensi tayari: unaona, Coleta naye alidanganywa. Jenifa akasema, mama mkubwa, subiri. Akaisogeza dirishani. Kwenye bitana kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, mstari mfupi, kisha kona, kisha mstari. Ukubwa wa kucha ya dole gumba. Na kwenye kitundu kimoja, unyuzi mwekundu.

Kilikuwepo. Kimetolewa.

Wote watatu tulikuwa tumeinama juu ya mfuko ule kama wanaotazama kisimani. Mama Happy ndiye aliyenyooka kwanza.

"Kwa hiyo alikitoa ili aniuzie."

Jenifa akasema, "Au kilitolewa huku."

"Na nani, mwanangu? Ningejuaje kama kipo?"

"Mama alikuwa anawaambia wateja wa kopi wote. Anawaonyesha. Anasema, alama yangu iko hapa, ukitaka kuitoa katolee nyumbani kwako, mimi siitoi."

Huko nje mtu alikuwa anamwita mtu aje na kamba. Mama Happy akafunga vifungo vya sweta yake, vyote, taratibu.

"Unasema nilijua. Unasema nilisimama mbele ya mwanangu na kwaya nikijua."

Jenifa akanigeukia. Hapo ndipo pangekuwa pangu. Nimemaliza watu kwa vitu vidogo kuliko unyuzi ule. Ningeweza kumuuliza kwa nini alikuwa na mkasi karibu namna ile. Ningeweza kumuuliza kwa nini hakurudisha pochi Coleta akiwa hai, maana sendofu ilikuwa Februari na Coleta alizikwa Aprili. Nikauliza hilo la pili tu, na sauti ilitoka kama ya karani.

Akajibu, "Nilikwenda. Alikuwa ameshalazwa. Nilikaa kitandani kwake, nikampaka mafuta miguu, nikarudi. Ungemuuliza wewe?"

Kikao ni Jumamosi, akasema, nitaongea pale, na wewe utaongea. Akatufungia maandazi yaliyobaki kwenye gazeti. Tukayapokea.

Alhamisi, 13 Juni 2024

Jenifa amerudi kibandani. Anauza. Leo hajauza hata moja. Wanawake wanapita mbele ya kibanda, wanashika pochi kwa vidole viwili, wanachungulia ndani, wanaondoka. Mmoja alimuuliza kwa kicheko, hii nayo ina dawa yake ndani? Habari ya kitenge kilichotolewa imeshatoka. Sijui aliyeitoa, na zamani ningemjua kabla ya saa sita.

Nimejaribu kupanga hoja za Jumamosi. Karatasi ina mistari miwili. Wa kwanza: Coleta hakuwa mwongo. Wa pili: Tusekile si mwongo. Nimeitazama nikitafuta upi nifute. Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye akili na wote wanataka nifute mmoja.

Shida ni hii, na naiandika kwa sababu hakuna wa kunisikia. Jina lake ndilo mali pekee aliyoacha mdogo wangu. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mume alishatangulia. Kilichobaki ni kwamba watu wa mji huu wakisema Coleta, wanasema yule mama asiyedanganya. Jenifa anauza kwa jina hilo. Likiondoka, zile ni pochi tu kwenye misumari.

Tangu Jumanne natembea na kikapu. Ile pochi yangu nyeusi iko juu ya kabati. Oswaldi ameuliza mbona. Nikasema zipu imekwama.

Zipu haijakwama. Inalia kidogo ukiivuta, imekuwa ikilia siku zote. Nilidhani ni uzee.

Ijumaa, 14 Juni 2024

Tumepeta ulezi. Upepo mzuri. Pochi sikuishusha kabatini.

Jumamosi, 15 Juni 2024

Kikao saa nne. Bado kidogo. Jenifa amekwenda kutafuta boda.

Nimeishusha. Nimemwaga kila kitu kitandani: miwani, rozari, barua za halmashauri, kalamu zilizokauka, pipi za Coleta za kikohozi, sikujua zimo. Nimeisogeza dirishani. Kona ya kwanza, mshono mzuri. Ya pili, mzuri. Ya tatu unakimbia. Nimeibeba miaka yote hii na sikuwahi kuangalia kona ya tatu. Mimi. Niliyeufundisha mji mzima kukagua vidonge.

Kidole kikaenda chini ya mfuko wa ndani kabla sijakituma. Kuna kitu. Kigumu kidogo, cha pembe nne.

Nimefumua kwa kisu cha matunda. Chekundu. Mishono mifupi, ya ugomvi.

Hii ni yenyewe, aliniambia pale stendi, basi limeshawasha injini, ananitazama machoni. Alijua. Ningeambiwa ni kopi ningeikataa, ningemhutubia mbele ya abiria wote. Basi akaniambia uongo, na kitenge akakiacha mahali pake. Akanitia kwenye basi nikaenda kupigana na feki mbele ya mkutano, nimebeba alama yake kwapani!

Nikacheka. Kwa sauti. Nilisikia kicheko nikageuka kuangalia ni cha nani. Oswaldi akachungulia mlangoni na uso wa mtu aliyeona moshi. Nikamwambia hakuna kitu. Nikacheka tena, na mahali fulani katikati hakikuwa kicheko tena, na sikukizuia. Akaja akakaa kitandani juu ya barua za halmashauri.

Nimemweleza. Akafikiri. Yeye hufikiri polepole, kwa kutazama sakafu.

"Sasa hiyo inamsaidia Coleta au inamharibia?"

Ndiyo hiyo. Kuna mtu mmoja duniani ambaye tunajua hakika Coleta alimwambia kwa makusudi kuwa kopi ni orijino, na kwa huyo hakutoa kitenge. Nikiionyesha pochi hii kikaoni, wataona kwamba mkono wake haukuweza kukitoa hata pale mdomo ulipodanganya. Kwa hiyo vile vitundu vya Mama Happy si kazi yake. Lakini wataona pia kwamba mdomo wake uliweza. Alimdanganya ndugu yake wa damu akimtazama. Mama Happy atasema, mlisikia wenyewe, na mimi nilimuuliza mara mbili. Na kitenge kingeweza kutolewa na yeyote, na Happy mwenyewe, na fundi, na mtoto mwenye kucha. Nautetea mkono, nauhukumu mdomo. Ni mtu mmoja.

Nisipoionyesha, nina mistari yangu miwili kwenye karatasi. Nitaongea vizuri. Najua kuongea vizuri.

Na watanicheka, hilo nalo liandikwe. Mama Loth wa mbegu feki, Mama Loth wa vidonge. Watakuwa na la kusema mpaka mavuno mengine. Nimejiuliza kama ndicho ninachoogopa. Kipo, ila ni kidogo kuliko nilivyotegemea. Kinachonisumbua ni kwamba jina lake liko mikononi mwangu na sijui kulishika. Kama ni la mwanamke asiyedanganya, nimelivunja leo asubuhi kwa kisu cha matunda. Kama ni la mwanamke aliyedanganya mara moja kwa kumpenda dada yake mwenye kichwa kigumu, basi sijui kama wale akina mama watalinunua.

Mama Happy alimpaka mafuta miguu. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Boda imefika, nasikia inanguruma getini. Jenifa anaita. "Mama mkubwa, wameshaanza kukaa!" Nimemjibu naja. Oswaldi ameinuka, ameshika kikapu kwa mkono mmoja na pochi kwa mkono mwingine, anasubiri. Bitana inaning'inia nje kama ulimi na kile chekundu kinaonekana.

Nimechukua miwani nimeirudisha ndani ya pochi. Rozari. Pipi za kikohozi. Daftari hili nalo linaingia, nikimaliza mstari huu, na zipu italia.